Shairi langu limejibiwa, nifanyeje?

Swali: Mtunzi nisiyemfahamu amelijibu shairi langu gazetini. Je, ni lazima nami nimjibu?

Jibu: Hakuna sheria, ila kimya chako kitamuumiza. Malumbano ni uhai wa ushairi wetu. Muyaka wa Mombasa alijibizana hivyo na watunzi wa Lamu katika karne ya 19.

Jibu kwa bahari ile ile. Akija na tarbia ya mizani 16, nane kwa nane, usimrudishie utenzi. Vina vyake ukivimudu, vifuate: hiyo ni heshima kubwa kuliko sifa. Msalimu ubeti wa kwanza, ndipo upinge hoja. “Hongera, malenga” pekee haitoshi. Shika mshororo wake mmoja uliokugusa, uuendeleze. Na ukichelewa, omba radhi.