SOMO: TUPIME GOTI KABLA HALIJAKAZA



Hapa kwetu, kuanzia Kitale hadi Bungoma, ajali za pikipiki zimevunja miguu ya wengi. Mfupa ukishaunga, plasta hutolewa na mgonjwa hurudi nyumbani. Tunamwona anatembea, tunamshukuru Mungu, basi tunamsahau.

Lakini goti lililokaa muda mrefu bila kukunjwa hukaza polepole. Kutembea njia tambarare kunahitaji goti likunjike kama digrii 60 tu. Kuchuchumaa chooni au shambani kunahitaji zaidi ya 110. Kwa hivyo mtu anaweza kutembea vizuri na bado ashindwe na shamba lake. Macho hayatoshi. Lazima tupime na tuandike.

Wataalamu hupima namna gani?

Siku hizi kuna vihisi vidogo vinavyofungwa mguuni kwa mkanda, kimoja pajani na kingine chini ya goti. Kila kihisi hujua kimeinama kiasi gani na kinageuka kwa kasi gani. Kompyuta hulinganisha vyote viwili ikapata mkunjo wa goti. Hata simu za kugusa zina vihisi vya aina hii, ndiyo maana picha hugeuka ukigeuza simu.

Sisi tutatumia mbao mbili. Wazo ni lile lile: moja hufuata paja, nyingine hufuata mguu chini ya goti.

Namna ya kupima

1. Chukua mbao mbili nyembamba zilizonyooka. Ziunganishe nchani kwa msumari mmoja ili zifunguke na kufunga.
2. Mgonjwa alale chali mkekani, avute kisigino polepole kuelekea makalio mpaka pale anapoweza. Usimsukume!
3. Weka msumari kando ya goti, upande wa nje. Mbao moja ielekee nyonga, nyingine kifundo cha mguu.
4. Bila kuzisogeza, ziweke juu ya karatasi, chora, kisha upime pembe kwa protakta ya mtoto wa shule.
5. Toa jibu katika 180. Ukipata 100, goti limekunjika digrii 80.
6. Pima na goti zima, ulinganishe. Andika tarehe na namba zote mbili.

Angalieni: msipime mguu ulio kwenye plasta, wala goti lililovimba na lina moto. Kwanza mgonjwa aulize hospitali kama ameruhusiwa kukunja.

Namba zinasema nini?

Pimeni kila wiki, na apime mtu yule yule. Tofauti ya digrii 5 isiwatie wasiwasi. Namba ikipanda, mazoezi yanasaidia. Ikisimama wiki kadhaa au ikishuka, mpelekeni hospitali kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, daftari mkononi. Msingoje. Goti lililokaza miezi michache hunyooshwa kwa urahisi kuliko la miaka.

Katika Marko 3, Bwana Yesu alimwita mwenye mkono uliopooza asimame katikati ya watu. Nasi tusiwaache wagonjwa wetu pembeni.

Maswali ya kujadili

1. Ni nani kijijini ametolewa plasta na hawezi kuchuchumaa?
2. Nani atatunza daftari la vipimo?
3. Nauli ya hospitali itatoka mfuko gani wa kikundi?