Kulinganisha Plaiwudi Ziingiazo Kenya na Tanzania

Mwanafunzi wa Ikungi, mkoani Singida, atakaye kulinganisha plaiwudi ziingizwazo Kenya na Tanzania mwaka hadi mwaka, budi aanze na kipimo. Bamba la kawaida lina urefu wa meta 2.44 na upana wa meta 1.22. Meta moja ya ujazo hutoa mabamba yapatayo 112 yenye unene wa milimita 3, lakini hayafiki 19 yakiwa ya milimita 18. Basi kuhesabu mabamba hupotosha. Kuhesabu shilingi hupotosha zaidi, kwani thamani yake haitulii.

Idadi ya watu nayo izingatiwe: Kenya milioni 47.6 (2019), Tanzania milioni 61.7 (2022).

Mstari wa mchoro ukipanda ghafla, sababu itafutwe kwanza misituni. Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na katazo hilo likatangazwa kuondolewa mwaka 2023. Ongezeko la miaka hiyo, likionekana, si lazima liwe dalili ya ujenzi kustawi; huenda ni uhaba wa magogo viwandani. Tena plaiwudi ya Mufindi ikivuka Namanga, Kenya huiandika kuwa bidhaa ya kigeni sawa na ile iliyotoka China.