Kosa la Mtu au Kosa la Chombo?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula uliopita wavulana tisa wa Kidato cha Kwanza walifyeka majani nyuma ya bwalo Jumamosi mbili mfululizo, kwa kosa la kula bila kunawa mikono. Aliyewashtaki kwa kiranja ni mimi. Nataka kueleza jinsi nilivyopata kujua kwamba shtaka langu lilikuwa bovu, na kwa njia hiyo niwajulishe elimu moja ambayo haimo katika vitabu vyetu vya darasani, nayo yaitwa utafiti wa watumiaji.

Kwanza yafaa nieleze maana yake. Kila kitu kilichotengenezwa na binadamu, kiwe jembe, kufuli, fomu ya benki au simu ya mkononi, kina watu wawili: yule aliyekibuni na yule anayekitumia. Mara nyingi watu hawa hawajuani. Mbunifu aketipo mezani pake humwazia mtumiaji, naye humwazia kuwa mtu wa kimo kama chake, mwenye nafasi kama yake, na anayeelewa kila analoelewa yeye. Utafiti wa watumiaji ni kazi ya kumtoa mbunifu mezani ili akamwone mtu mwenyewe: anafanya nini, mahali gani, ameshika nini mkononi, na anakwama wapi. Kazi hiyo hufanywa kabla ya kitu kubuniwa, hufanywa kikiwa bado cha mbao na kamba, tena hufanywa kikiisha kuenea kwa watu.

Habari inayosimuliwa sana na wenye elimu hii ni ya ndege za vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walikuwa na ndege kubwa ya kuangusha mabomu iliyoitwa B-17. Ilitokea mara nyingi kwamba ndege hiyo ikiisha kutua salama, rubani aliyakunja magurudumu, nayo ikalala kwa tumbo juu ya uwanja na kuharibika. Wakubwa waliandika: kosa la rubani. Akatakiwa Alphonse Chapanis, mtaalamu wa saikolojia katika maabara ya jeshi la anga, achunguze jambo hilo. Yeye alikwenda kutazama mahali pa kazi pa rubani. Akaona swichi mbili zimekaa jirani, zinafanana kama mapacha. Moja ilikuwa ya magurudumu. Ya pili ilikuwa ya vibao vya nyuma ya mabawa, ambavyo huteremshwa wakati wa kutua na kurudishwa baada ya kutua. Basi mfikirie mtu aliyetoka vitani, amechoka, macho yako mbele, mkono unatafuta swichi kwa kupapasa. Tena aliona kwamba marubani wa ndege nyingine, C-47, hawakufanya kosa hilo, maana humo vyombo hivyo viwili havikukaa pamoja wala havikuendeshwa kwa namna moja. Dawa yake ilikuwa rahisi hata yachekesha: swichi ya magurudumu ilifungwa kigurudumu kidogo cha mpira, na ile ya pili ikafungwa kipande chenye umbo la kabari, ili mkono utambue wenyewe kilichoshikwa.

Mwaka 1947 wataalamu wengine wawili, Paul Fitts na R. E. Jones, walitoa taarifa juu ya habari 460 za makosa ya marubani katika kuendesha vyombo vya ndege. Karibu nusu ya makosa hayo yalikuwa ya namna moja, yaani kushika chombo hiki badala ya kile. Mimi nasema marubani wengi kiasi hicho hawawezi kuwa wazembe wote kwa namna moja. Watu wengi wakijikwaa mahali pamoja, kuna jiwe.

Sasa nirudi bwaloni kwetu. Chama chetu cha Sayansi, ambacho mimi ni katibu wake, kilijenga chombo cha kunawia mikono nje ya mlango wa bwalo. Tulisimamisha nguzo mbili, tukatundika dumu la lita 20, na tukafunga kamba kutoka shingoni mwa dumu hadi kibao cha kukanyagia chini. Ukikanyaga, dumu huinama na maji humwagika, wala hugusi kitu kwa mkono. Tulikionea fahari. Siku tatu za kwanza watu walipanga foleni. Wiki ya pili wadogo wetu wa Kidato cha Kwanza wakaanza kukipita kando, na mimi nikaenda kwa kiranja na majina tisa.

Mwalimu wetu wa Fizikia aliposikia habari ya adhabu hakunikaripia. Aliniuliza, “Umewahi kuwatazama wakinawa?” Nikajibu kwamba tuliwauliza wote, nao walisema chombo ni kizuri. Akaniambia niketi chini ya mwarobaini milo mitatu, na daftari, bila kusema neno, bila kumsahihisha mtu, hata nikiona mtu anafanya upumbavu gani.

Kunyamaza kulinishinda karibu mara kumi. Lakini mlo wa kwanza haujaisha nilikuwa nimeona lile ambalo sisi wanachama kumi na wawili hatukuliona katika majuma mawili ya kujenga. Kila mwanafunzi aendaye bwaloni ana sahani mkono mmoja na kikombe mkono wa pili. Sisi wenyewe twafanya hivyo kila siku! Kunawa kwahitaji mikono miwili, nasi hatukumpa mtu mahali pa kuweka sahani. Wakubwa waliwapa rafiki zao wawashikie. Mdogo asiye na rafiki aliiweka sahani chini, kwenye tope lililofanywa na maji ya chombo chetu, au aliibana kwapani, au alipita. Mlo wa pili niliona jambo jingine: maji yalianguka pale pale penye kibao, yaani juu ya kiatu cha anayekanyaga. Mvulana wa bweni mwenye jozi moja ya viatu hataki kwenda darasani la mchana na soksi zilizolowa. Na mmoja wao, mfupi kuliko wote, alikanyaga kwa nguvu zake zote na dumu halikuinama, maana tulilipima kwa uzito wa mguu wangu.

Kwa nini basi walituambia chombo ni kizuri? Baadaye nilimwuliza mmoja, naye akanijibu kwa adabu, “Kaka, mlikijenga ninyi.” Jibu hilo nimelifikiri sana. Mtoto wa Kidato cha Kwanza hamwambii mtu wa Kidato cha Nne kwamba kazi yake ni mbaya. Na mgeni akiulizwa kama chakula ni kitamu, atasema ni kitamu. Ndiyo sababu watafiti hawaulizi, “Je, wakipenda?” Huuliza mambo yaliyotokea: “Jana ulinawaje? Sahani uliiweka wapi?” Juu ya hayo humpa mtu kazi aifanye mbele yao, na wao hutazama mikono yake zaidi ya kusikiliza maneno yake.

Hatukuwa wa kwanza kukosea hivyo, tena wako waliokosea kwa fedha nyingi. Afrika ya Kusini ilibuniwa pampu ya maji iliyounganishwa na bembea ya kuzunguka, iitwayo PlayPump: watoto wacheze, maji yapande tangini. Mwaka 2006 huko Marekani ilitangazwa michango ya dola milioni 16.4 ili pampu hizo zisambazwe katika nchi nyingi za Afrika. Lakini watoto huchoka, na maji hutakiwa hata saa ambazo hakuna mtoto wa kucheza. Katika vijiji kadhaa wanawake walibaki wakilizungusha gurudumu zito kwa mikono, wengine wakiona aibu, na pampu yao ya zamani ilikuwa imekwisha ng’olewa. Mwaka 2009 gazeti la Guardian la Uingereza lilikokotoa kwamba ili pampu moja itoshe watu 2,500 iliyoahidi, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kila siku. Nawaachia wenzangu wa hesabu.

Lakini msidhani kazi hii ni ya kutafuta makosa tu. Pengine mtafiti hutazama akagundua kwamba watu wameona faida ambayo mbunifu hakuiona. Mfano bora uko kwa jirani zetu wa Kenya. Mwezi wa Oktoba 2005 M-Pesa ilianza kujaribiwa na watu wasiozidi 500 katikati ya Nairobi, Mathare na Thika. Kusudi la awali lilikuwa kuwasaidia watu kupokea na kulipa mikopo midogo kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, waliosimamia kazi hiyo, waliandika mwaka 2007 mambo waliyoyaona. Watu waliitumia kulipana katika biashara. Wengine waliweka fedha za mauzo jioni, benki zikiwa zimefungwa, ili zisilale dukani. Wengine waliweka fedha kabla ya safari na kuzitoa walikofika, wasinyang’anywe njiani. Tena walitumiana. Basi huduma ilipofunguliwa kwa watu wote mwezi wa Machi 2007, habari ya mikopo iliwekwa kando, na tangazo likawa la maneno machache tu: tuma pesa nyumbani. Laiti wangeng’ang’ania kusudi lao la kwanza, sidhani kama leo wazazi wengi wangelipa ada kwa simu.

Huenda msomaji auliza: watu wangapi watoshe? Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba watano wanatosha kwa jaribio moja. Hesabu yake ni ya Kidato cha Pili. Kwa wastani mtu mmoja huonyesha kasoro 31 katika 100. Zilizofichika ni 0.69. Wakipita watano, zilizofichika ni 0.69 kwa kipeo cha 5, yaani kama 0.16. Kwa hiyo umekwisha kuona karibu 85 katika 100. Yeye hushauri kwamba mwenye nafasi ya kujaribu watu 15 awagawe mara tatu, na baada ya kila watano arekebishe chombo. Lakini watano hao wawe wa namna moja. Ukiwa na wakubwa na wadogo, jaribu kila kundi mbali.

Nasi tulifanya hivyo. Tulijenga kichanja cha kuwekea sahani, tukakirudisha kibao nyuma shibiri mbili, tukaongeza urefu wa mti wa kukanyagia ili mguu mwepesi uweze. Tukawaita watano wa Kidato cha Kwanza, watatu wakiwa katika wale tisa. Wa kwanza tu alituonyesha kwamba kichanja kilikuwa juu mno. Kilikuwa usawa wa kifua changu, yaani usawa wa pua yake. Tulikishusha siku ile ile. Wa nne ni mwenye kutumia mkono wa kushoto, naye alilazimika kuivuka kamba ili afikie sabuni. Sabuni sasa imefungwa katikati.

Niliomba ruhusa ya kusema gwarideni kwamba wale tisa hawakuwa wavivu, nikaruhusiwa. Majani yalikuwa yamekwisha fyekwa. Sabuni yenyewe huibwa kila baada ya siku mbili, na kiranja tayari ana majina. Nimemwomba asubiri, kesho narudi chini ya mwarobaini.