Gari la Kingabomu: Umbo na Istilahi

Katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, mzazi wa askari husikia redioni kila gari la kivita likiitwa "kifaru". Makala haya yanadai kwamba jina hilo halilifai gari lililoundwa kustahimili mabomu ya kutegwa ardhini.

Kwanza, kifaru hutembea kwa minyororo na hubeba mzinga. Gari hili hutembea kwa magurudumu, na kazi yake kuu ni kuwasafirisha askari salama. Mfano ni Casspir, lililobuniwa Afrika Kusini miaka ya 1970 na baadaye kutumiwa na jeshi la Uganda nchini Somalia.

Pili, hata "gari la deraya" halitoshi. Deraya hutaja vazi la chuma tu, ilhali kinachookoa zaidi hapa ni umbo. Bodi imeinuliwa juu ya ardhi, na upande wake wa chini umechongoka kama mkuku wa jahazi. Bomu lilipukapo, nguvu yake hugawanyika na kupita ubavuni badala ya kuwapiga walio ndani moja kwa moja.

Kericho, kunakovuma ngurumo mara kwa mara, kingaradi si kitu kigeni: haiizuii radi, bali huielekeza kando. Kwa muundo uo huo wa kuambatanisha maneno, tunapendekeza "gari la kingabomu". Hata hivyo, istilahi isiahidi mno: kinga hupunguza madhara, haiyaondoi. Mzazi yule anastahili neno linalomweleza yote mawili.