Afya ya Dereva wa Masafa Marefu ni Afya ya Nyumba Nzima

Kwa nini safari huongeza hatari

Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia au Kongo hupita Chalinze, Morogoro, Makambako na Mbeya hadi mpakani Tunduma, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Dereva na utingo wake hulala njiani, na foleni ya mpakani inaweza kuwaweka siku kadhaa. Huko wana upweke, pombe iko karibu na posho iko mfukoni. Wapo pia wanawake ambao riziki yao inawategemea wasafiri hao, na wengi wao hawana nguvu ya kudai kondomu. Zahanati nyingi hufanya kazi mchana, saa ambazo lori liko barabarani. Kwa hiyo dereva hupata nafasi nyingi za kuambukizwa virusi vya UKIMWI (VVU) na magonjwa mengine ya zinaa, na chache za kutibiwa, hata kama tabia yake haina tofauti na ya mkulima au mwalimu. Familia ikilielewa hili, itaacha kumsaka mkosaji na itaanza kupanga kinga.

Majibu ya mmoja si majibu ya wote

Wapo wanaosema kwamba mke akipimwa kliniki ya wajawazito na kukutwa hana VVU, basi na mume ni salama. Sivyo. VVU haviambukizi kila mara watu wanapojamiiana, ndiyo maana wenza wanaweza kuishi miaka pamoja, mmoja akiwa navyo na mwingine hana. Wengine husubiri dalili, na hapo ndipo wanapochelewa. VVU hukaa mwilini miaka mingi kimyakimya, kidonda cha kaswende mara nyingi hakiumi na hupotea chenyewe huku ugonjwa ukiendelea, na wanawake wengi wenye kisonono hawahisi chochote. Kaswende isiyotibiwa kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba au kumuua mtoto tumboni, ilhali sindano ya penisilini huiponya. Lakini akitibiwa mmoja tu, mwenzake anaweza kumwambukiza tena. Pimeni wote wawili, na mrudie kipimo cha VVU baada ya miezi mitatu, kwa kuwa maambukizi mapya huweza yasionekane mara moja.

Je, kuzungumzia kondomu ni kuruhusu uzinzi?

Hoja hii hutolewa na watu wenye nia njema, nayo inastahili jibu. Uaminifu ni kinga kubwa kwa wenza ambao wote wamepimwa, na hakuna neno humu linaloupunguzia heshima. Hata hivyo, kondomu iliyomo kwenye begi haimtumi mtu kuzini, ila kuikosa humwacha bila kinga pale nia inapomshinda. Aibu nayo ina madhara yake. Aliyejiweka hatarini anaweza kupewa dawa za dharura za kuzuia VVU, lakini lazima azianze ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Anayeogopa ugomvi nyumbani atanyamaza mpaka saa hizo zipite. Aliye hatarini mara kwa mara anaweza pia kumuuliza mhudumu wa afya kuhusu dawa kinga za kumeza.

Ikiwa mmoja wenu ameshakutwa na VVU, ndoa haijafika mwisho. Anayemeza dawa za kufubaza VVU (ARV) kila siku hadi virusi visionekane tena kwenye kipimo cha damu, na akaendelea hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Tafiti zilizofuatilia maelfu ya wenza zimethibitisha hilo. Kwa dereva, kikwazo kikubwa ni dawa kumwishia njiani. Aieleze kliniki yake ratiba ya safari, kwa sababu mgonjwa mwenye hali imara anaweza kupewa dawa za miezi mitatu hadi sita. Basi kabla ya safari ijayo, kaeni wawili mkubaliane tarehe ya kupima, kinga mtakayotumia, na kwamba atakayesema ukweli kuhusu afya yake atasaidiwa kwanza, bila kulaumiwa.