Mndimu wa Barazani na Chumvi ya Kisima: Kutambua Chanzo cha Umanjano na Madoa katika Mimea ya Vyunguni

Umanjano wa majani si ugonjwa bali ni dalili, na dalili hiyo moja huweza kuletwa na mambo yanayopingana kabisa, kama vile maji kuzidi na maji kupungua, au mbolea kukosekana na mbolea kujaa kupita kiasi. Jani huwa la kijani kwa sababu ya klorofili, yaani rangi inayonasa mwanga wa jua ili mmea ujitengenezee chakula. Klorofili ikivunjika, au ikishindwa kutengenezwa, rangi ya manjano iliyojificha chini yake hujitokeza, na hali hiyo wataalamu wa mimea huiita klorosisi. Kwa anayeotesha mndimu, mwaridi au mrehani barazani, swali la kwanza si dawa gani inunuliwe, bali ni jani lipi lililotangulia kugeuka.

Njia inayoelezwa hapa ina hatua tatu, nazo ni kutazama mahali umanjano ulipoanzia, kukagua mizizi, na kuchunguza maji. Hatua ya kwanza hutegemea ukweli kwamba baadhi ya virutubisho huhama ndani ya mmea na vingine havihami. Naitrojeni, potasiamu na magnesi vinapopungua, mmea huvinyonya kutoka majani ya chini yaliyokomaa na kuvipeleka kwenye machipukizi, na kwa hiyo majani ya chini ndiyo hugeuka kwanza: yakipauka yote kwa usawa, mshukiwa ni naitrojeni; mishipa ikibaki kijani huku nyama ya jani ikigeuka manjano, mshukiwa ni magnesi, ambayo hupatikana kwa bei nafuu katika chumvi ya haluli, kijiko kimoja cha chai kwa lita 4 za maji. Chuma, manganizi na zinki hazihami kwa urahisi, hivyo upungufu wake huonekana kileleni, ambako jani changa hutoka likiwa la manjano na mishipa yake ikiwa imechorwa kijani kama ramani ya mito. Mfaransa Eusèbe Gris alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba jani lenye umanjano wa aina hii hurudisha ukijani likipakwa maji yenye chumvi ya chuma.

Madoa yana asili nyingine, na hayahitaji maneno mengi. Vidoa vidogo vyeupe juu ya jani kwa kawaida ni alama za utitiri, ambao huthibitishwa kwa kukung'uta jani juu ya karatasi nyeupe na kutazama kama nukta zilizoanguka zinatembea. Utando mweusi unaofutika kwa kidole ni masizi ya ukungu unaoota juu ya utamu unaotolewa na wadudu mafuta au wadudu magamba, na hapo anayepaswa kuondolewa ni mdudu. Doa jeusi la mviringo lenye kingo zilizochanika kwenye jani la mwaridi ni kuvu inayohitaji jani kubaki na unyevu kwa muda wa saa saba hivi ili iote, kwa hiyo kumwagilia asubuhi na kuelekeza maji kwenye udongo hupunguza mengi. Mrututu, ambao tangu kazi ya mtaalamu wa mimea Millardet kuhusu mizabibu ya Bordeaux mwaka 1885 umekuwa nguzo ya dawa za kuvu, huzuia doa jipya lakini hauponyi la zamani, na shaba yake hubaki katika udongo wa chungu. Kuunyunyizia kila wiki kwa mazoea ni kosa ambalo wauzaji wengi hawalikemei.

Hatua ya pili, ambayo watu wengi huiogopa, ni kuupindua mmea na kuutoa katika chungu chake. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa na ni mgumu kiasi. Mzizi uliooza ni wa kahawia, hunuka tope, na ukivutwa kwa vidole ganda lake hutoka na kuacha uzi mwembamba. Hapa lazima isemwe wazi kwamba miche mingi inayouzwa kandokando ya barabara hukuzwa katika viriba vilivyojazwa udongo wa mfinyanzi mtupu, kwa kuwa udongo huo haubomoki wakati wa kusafirishwa. Mche wa namna hiyo ukipandwa pamoja na donge lake ndani ya udongo mwepesi wa samadi na pumba za mpunga, maji hupita kando ya donge bila kuliingia, au donge huloa na kukaa na maji siku nyingi huku udongo unaolizunguka ukiwa umekauka, na mwenye mche hujilaumu kwa jambo lililoanzia kitaluni. Donge hilo linafaa kulainishwa katika ndoo ya maji na kupukutishwa taratibu kabla ya kupanda.

Hatua ya tatu, yaani maji, ndiyo iliyomgharimu jirani mmoja wa pwani ya Dar es Salaam karibu mwaka mzima. Mndimu wa miaka mitatu, uliopandwa katika ndoo ya lita 20 na kumwagiliwa maji ya kisima, ulianza kutoa machipukizi ya manjano yenye mishipa ya kijani, huku majani ya chini yakiungua ncha kama yaliyopitishwa juu ya moto. Mwenye mti alichuma jani moja na kulipeleka duka la pembejeo, ambako muuzaji, bila kuuliza limechumwa sehemu gani ya mti, alimpa yurea. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, na upungufu wa naitrojeni hauanzii kileleni. Mbolea hiyo iliongeza chumvi juu ya chumvi, na baada ya kuwekwa mara mbili mti ukapukutisha nusu ya majani yake. Mara ya pili aliuziwa busta yenye chuma kilichofungwa kwa kiambato cha EDTA, akaimwaga kwenye udongo, wala haikuleta badiliko lolote, kwa sababu kifungo hicho hulegea katika udongo wenye chokaa na kukiachia chuma kabla mzizi haujakipata. Katika udongo wa namna hiyo kinachodumu ni chuma kilichofungwa kwa EDDHA, ambacho kifurushi chake muuzaji mwaminifu angekitaja au angekiri kwamba hanacho. Fedha iliyopotea ilikuwa ndogo kuliko uchungu wa kuona mti uliokwisha kuzaa mara moja ukibaki vijiti.

Kilichofumbua jambo lenyewe ni kifuniko cheusi cha ndoo. Juu yake yaliwekwa maji ya aina tatu, kijiko kimoja kila moja, kwa kuachana: maji ya mvua, maji ya kisima, na maji yaliyochuruzika chini ya ndoo ya mndimu baada ya kumwagiliwa. Kifuniko kiliachwa ndani ya nyumba, mbali na vumbi, hadi yote yakauke. Maji ya mvua hayakuacha kitu. Maji ya kisima yaliacha duara jembamba jeupe. Maji ya mndimu yaliacha gamba zito lililokwaruzika kwa ukucha kama ukoko wa birika. Kisha likadondoshwa tone la siki juu ya gamba hilo, likatoa mapovu. Mapovu hayo ni ushahidi wa chokaa, ambayo huufanya udongo uwe wa kialikali na kukifunga chuma kilichomo, kiasi kwamba mti huona njaa ya chuma ukiwa umekikalia. Sehemu ya gamba inayoyeyuka kimya, bila povu, kwa kawaida ni chumvi ya kawaida, nayo ndiyo inayobebwa na maji hadi ncha za majani, maji yakapaa hewani na chumvi ikabaki ikiunguza. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na kinastahili kutangulia ununuzi wowote.

Tiba ilikuwa kuusafisha udongo kwa maji ya mvua ya masika yaliyokingwa chini ya bati, baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa. Kwanza ndoo iligeuzwa ubavu, na ikabainika kwamba kati ya matundu yake matatu mawili yalikuwa yamezibwa na mizizi; yakatobolewa mengine manane. Kisha zikamiminwa lita 40, yaani mara mbili ya ujazo wa ndoo, polepole na kwa mafungu manne, kila fungu likisubiriwa hadi liache kuchuruzika, na maji yaliyotoka hayakuachwa katika sahani ya chini, kwa kuwa udongo huyafyonza tena pamoja na chumvi yake. Majani yaliyokwisha kuungua hayakupona na wala hayaponi. Machipukizi yaliyotokea wiki ya tano ndiyo yaliyokuja ya kijani hadi kwenye kingo.

Tangu hapo mndimu humwagiliwa hadi sehemu kama ya kumi ya maji itoke chini, na kifuniko cheusi hurudiwa mwishoni mwa kiangazi na kabla ya vuli. Asiyekuwa na mahali pa kukinga mvua anaweza kuchemsha maji ya kisima, kuyaacha yapoe na kutuama, kisha kuyamimina bila kutikisa unga mweupe uliobaki chini; njia hiyo humfaa ambaye gamba lake hutoa mapovu, lakini ambaye gamba lake huyeyuka kimya hataondoa chumvi kwa moto, na atahitaji kutafuta maji mengine.