Ruta Nazo Hudanganywa

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Methali hii nimeikariri tangu shule ya msingi, lakini nimeielewa muhula uliopita tu. Jioni moja kijana wa kidato cha kwanza aliniambia ati prepu imefutwa, kila mtu aende bwenini. Sikumwuliza kaambiwa na nani. Nikatangaza darasani kwetu, wenzetu wakatangaza darasa la pili, na kwa kuwa mimi ni kiranja hakuna aliyetia shaka. Nusu saa baadaye tulikuwa tumepiga magoti mbele ya mwalimu wa zamu, mimi nikiwa mstari wa kwanza.

Mwalimu wetu wa tarakilishi alicheka sana. "Bwana kiranja, wewe ulifanya kazi ya ruta," akasema. Basi nikaenda kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Intaneti ni maelfu na maelfu ya mitandao iliyounganishwa: ya kampuni za simu, vyuo vikuu, benki na kadhalika. Kila mtandao una nambari yake na fungu la anwani zake. Ruta ni mashine inayokaa kwenye njia panda na kuamua data ipite wapi. Ruta za mtandao mmoja huwaambia majirani, "Anwani hizi zinafikika kupitia kwangu." Jirani husadiki, kisha naye huwaambia majirani zake. Itifaki wanayoitumia kuambiana huitwa BGP. Ilianza mwaka wa 1989, wahandisi wawili walipoichora kwenye karatasi za kupangusia mikono wakati wa chakula cha mchana. Siku hizo mitandao ilikuwa michache na wenyewe walijuana. Kwa hivyo itifaki haikuwekewa njia ya kuuliza, "Je, anwani hizo ni zako kweli?"

Udhaifu wa pili ni huu: tangazo la eneo dogo hulishinda la eneo kubwa. Mmoja akisema, "Barua za Mombasa zipite kwangu," na mwingine aseme, "Barua za Likoni zipite kwangu," barua ya Likoni itamfuata huyu wa pili, hata kama ni mwongo.

Hebu tutazame tukio la tarehe 24 Februari 2008. Serikali ya Pakistan iliamuru YouTube ifungwe nchini humo. Kampuni ya Pakistan Telecom ikatangaza kwamba anwani 256 za YouTube ziko kwake, ili data ya wateja wake ipotelee humo. Tangazo hilo lilipaswa kubaki nyumbani. Lakini lilivuja hadi kampuni ya PCCW ya Hong Kong, nayo ikalipokea bila kukagua na kulieneza duniani. YouTube ilikuwa imetangaza fungu kubwa la anwani 1,024, kwa hivyo ikashindwa. Ilikuwa saa tatu na dakika 47 usiku, saa za Afrika Mashariki. YouTube ilijitetea kwa kutangaza mafungu madogo zaidi, ya anwani 128, lakini mambo yalitulia baada ya saa sita usiku, PCCW ilipoyaondoa matangazo hayo ya uongo.

Kumbe hilo lilikuwa kosa tu! Mwizi akifanya makusudi, anaweza kuivuta data ya benki ipite kwake aichungulie.

Je, dawa ipo? Ipo, lakini haijatosha. Siku hizi mwenye anwani anaweza kupata cheti chenye sahihi ya siri kinachoonyesha ni mtandao upi unaoruhusiwa kuzitangaza. Huku Afrika vyeti hivyo husimamiwa na AFRINIC. Ruta inayokagua cheti hulikataa tangazo lisilolingana nacho. Hata hivyo, cheti huthibitisha mwanzo wa njia tu. Mjanja anaweza kutaja nambari ya mwenye mali kisha adai kwamba yeye ni jirani yake. Isitoshe, mitandao mingine bado haikagui.

Ndugu msomaji, aliyeanza uongo wa prepu alikuwa mtoto mmoja. Uongo ulipata nguvu kwangu mimi, niliyeaminiwa nikaupitisha. Siku hizi habari ikinifikia, nauliza kwanza.

Maswali
1. Kwa nini BGP haikuwekewa njia ya kukagua?
2. Eleza kwa nini anwani 256 zilishinda 1,024.
3. Kati ya Pakistan Telecom na PCCW, nani alikosea zaidi? Jadili.